Mwongozo kamili: kuona galaksi na maisha ya nyota kwa usiku mmoja ufuoni Shela

Kila kaskazi inapoingia, watu hunijia na lalamiko lile lile. Wamekwenda ufuoni Shela, kisiwani Lamu, wamekaa mpaka shingo zikauma, nyota wameziona tele, lakini galaksi, yaani mkusanyiko mkubwa mno wa nyota, hata moja hawakuipata. Mwingine amenunua darubini ya bei kubwa na bado anaona weupe mtupu. Nimekaa na baadhi yao barazani tukaupitia usiku wao saa kwa saa. Karibu wote walikosea mambo manne: walikwenda mwezi ukiwa juu, walifungua simu kila baada ya dakika tano, walianza na nyota zinazopendeza huku galaksi inatua, na walitafuta rangi walizoziona kwenye picha za intaneti.

Kwa hiyo nimeupanga usiku mmoja wa katikati ya Januari, hatua kwa hatua. Usiruke hatua, kwa sababu kila kitu kina saa yake ya kuzama. Aliye Malindi au Mambrui anaweza kuutumia vivyo hivyo, kwani kutoka Lamu mpaka huko anga hubadilika kwa digrii moja hivi tu.

## Vitu vya kuandaa

- Darubini ya macho mawili ya 7x50 au 10x50. Namba ya pili ni upana wa lenzi kwa milimita, na ndiyo ya maana, kwa sababu ndiyo inayokusanya mwanga. Wanaokuuzia darubini ndogo kwa sifa ya "kuvuta mara 60" wanakupotezea fedha.
- Tochi iliyofunikwa kwa karatasi laini nyekundu au kitambaa chekundu, tabaka mbili au tatu.
- Mkeka na mto. Kutazama juu umesimama huchosha, na mikono iliyochoka hutikisa darubini.
- Programu ya ramani ya nyota iitwayo Stellarium kwenye simu, ikiwa imewekwa rangi nyekundu ya usiku na mwanga umeshushwa kabisa. Itumie nyumbani kujifunza. Ufuoni iwe akiba.
- Daftari na kalamu ya risasi.
- Shuka au kikoi kizito, maji ya kunywa, na kahawa kwenye chupa. Upepo wa kaskazi usiku wa manane hupenya.
- Mwenzako. Usiende peke yako upande wa mbali wa ufuo, na umuage mtu wa nyumbani umwambie utarudi saa ngapi. Uliza pia mapema kama kuna amri yoyote ya kutotembea usiku.

Huhitaji darubini kubwa ya miguu mitatu. Vitu vyote nitakavyokuonyesha huonekana kwa macho au kwa darubini ya mkononi, isipokuwa viwili ambavyo nitakuambia hapo hapo kwamba havionekani.

## Hatua ya 1: Chagua usiku kwa mwezi na kwa maji

Hesabu kwa kalenda ya Kiislamu, ni rahisi kuliko programu yoyote. Usiku mzuri ni kuanzia tarehe 25 ya mwezi mpaka tarehe 3 ya mwezi unaofuata. Kabla ya hapo mbalamwezi inafuta galaksi zote, hata ukiwa na darubini ya maelfu.

Lakini kuna jambo ambalo waandishi wa bara hawalijui: usiku wa giza ndio usiku wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida. Siku hizo maji ya kwetu hujaa karibu na saa 10 jioni, hupwa kabisa karibu na saa 4 usiku, kisha hujaa tena karibu na saa 10 alfajiri. Yanasogea kiasi cha dakika 50 kila siku, kwa hiyo muulize nahodha yeyote kabla ya kutoka. Ukitoka wakati wa magharibi unatembea na maji yanayopwa, na hilo ni jema. Ukichelewa kurudi utakuta njia ya ufuoni imemezwa. Panga kuwa umefika kijijini kabla ya saa 9 usiku, la sivyo lala juu ya mchanga mkavu mpaka asubuhi.

## Hatua ya 2: Chagua mahali

Kutoka kijiji cha Shela, tembea ufuoni kuelekea kusini-magharibi kwa dakika 40 hivi. Unataka vilima vya mchanga vizibe taa za kijiji na za mji wa Amu (Lamu) ulio kaskazini, huku kusini ukiwa na bahari tupu. Bahari tupu ndiyo hazina yetu. Huko kusini ndiko ziliko galaksi mbili ambazo watu wa Ulaya hawazioni kamwe wakiwa kwao.

Kaa chini ya kilima, usipande kileleni wala usichimbe. Vilima hivyo ndivyo vinavyochuja na kutunza maji matamu ya visima vya kisiwa. Na kwa kuwa kasa hupanda fuo zetu kutaga, tochi nyeupe isiwashwe hata kama hakuna mtu mwingine.

Utajua mahali ni pazuri ukinyoosha mkono wako mbele na kuuona kama kivuli cheusi dhidi ya anga, bila kuona vidole vyake.

## Hatua ya 3: Yape macho dakika 30

Hapa ndipo wengi huharibu. Tandika mkeka baada ya Isha, yaani kama saa 2 kasorobo usiku, giza likiwa limekamilika. Zima simu. Usizungushe macho kutafuta chochote kwa nusu saa, zungumzeni tu.

Sababu ni hii. Kwenye retina kuna chembe za kuona mwanga hafifu, nazo hutumia kemikali inayojijenga polepole gizani. Mwanga mweupe wa sekunde mbili unaivunja, na unaanza kuhesabu upya. Mwanga mwekundu hafifu hauivunji sana, ndiyo maana ya kile kitambaa kwenye tochi.

Jifunze pia kutazama pembeni. Katikati ya jicho pamejaa chembe zinazotaka mwanga mwingi. Zile za gizani ziko kandokando. Ukitaka kuona kitu hafifu, elekeza jicho pembeni yake kidogo, kitajitokeza. Ukikikodolea macho moja kwa moja, kinatoweka. Watu wamenitazama kama nawafanyia mazingaombwe nilipowaambia hivi, mpaka wakajaribu.

Kipimo tutakachotumia: ngumi yako ukinyoosha mkono ni digrii 10.

## Hatua ya 4: Galaksi ya Andromeda kwanza, kabla haijazama

Saa 2 usiku tazama kaskazini, ukielekea magharibi kidogo. Tafuta nyota tano zenye umbo la herufi M iliyoinamia kushoto. Ni kundi la Mke wa Kurusi, ambalo kwenye programu linaitwa Cassiopeia. M hiyo ina vilele viwili. Kile cha kushoto ni kikali zaidi. Kichukue kama ncha ya mshale na ufuate inakoelekea, juu kushoto, kwa ngumi moja na nusu.

Zungusha darubini eneo hilo polepole. Unatafuta ukungu mrefu kama yai, katikati pang'avu kidogo, bila kingo. Mpwa wangu alipoiona mara ya kwanza aliniambia, "Mjomba, ni kama mtu amepumulia kioo cha chemni." Sijapata maelezo bora zaidi. Hakuna rangi, hakuna mikono, hakuna vumbi jekundu. Picha zile huchukuliwa kwa saa nyingi za kukusanya mwanga, na jicho halikusanyi hivyo.

Ukishaiona kwa darubini, iteremshe na ujaribu kwa macho matupu, ukitazama pembeni. Iko umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5 hivi. Mwaka mmoja wa nuru ni mwendo wa mwanga kwa mwaka mzima, karibu kilomita trilioni 9.5. Mwanga unaoingia jichoni mwako ulianza safari kabla ya binadamu wa sura yetu kuwepo duniani.

Andromeda ni galaksi parafujo: sahani bapa yenye mikono inayojizungusha kama kamba iliyokunjwa vizuri juu ya sitaha ya jahazi. Kwenye mikono ndiko kuna gesi nyingi na ndiko nyota changa zinakozaliwa. Katikati kuna nyota kongwe. Kile kiini unachokiona king'avu ni hao wazee.

Ikifika saa 4 itakuwa chini sana kwenye ukungu wa upeo. Aliyeanza na kundi la Jabari (Orion kwenye programu) kwa sababu linapendeza, ameikosa.

## Hatua ya 5: Mawingu mawili ya Magellan

Geukia kusini. Nyota kali kuliko zote upande huo ni Suheli, ile ambayo manahodha wameitumia tangu zamani; kwenye programu utaisoma Canopus. Kulia kwake, mbali kiasi, kuna Akhirnahari, Achernar kwenye programu. Chini ya Suheli, kwa karibu ngumi mbili na kuelekea kulia, kuna Wingu Kubwa la Magellan. Chini ya Akhirnahari, ngumi moja na nusu, kuna Wingu Dogo.

Anza na Dogo, maana linateremka. Kubwa linapanda na linafika kilele chake saa 4 usiku, na hata hapo haliko juu zaidi ya ngumi mbili na kidogo kutoka baharini. Hii ndiyo sababu watu wa mjini hawalioni: nyumba moja au taa moja ya gati inatosha kuliziba.

Kosa la pili ni kulichukulia kuwa wingu la kawaida na kuliacha. Fanya jaribio: chora kwenye daftari mahali lilipo kati ya nyota mbili. Rudi baada ya robo saa. Wingu la mvua litakuwa limesukumwa na kaskazi. Hili litakuwa pale pale kati ya nyota zake.

Kubwa liko umbali wa miaka ya nuru 160,000 hivi, Dogo karibu 200,000. Ni galaksi ndogo zinazoandamana na yetu, na kwa kawaida huwekwa kwenye kundi la galaksi zisizo na umbo. Lakini lichunguze Kubwa kwa darubini utaona limerefuka katikati kama ufito. Lina dalili za parafujo iliyovurugwa na uvutano wa jirani zake. Mimi naliona kuwa ndilo darasa bora la galaksi lililopo angani, kwani limekaribia kiasi cha kuona vitu ndani yake. Pembeni mwake kuna kidoa king'avu: ni nebula, yaani wingu la gesi na vumbi, iitwayo Tarantula, kiwanda kikubwa cha nyota. Karibu na kidoa hicho, mwezi Februari 1987, nyota ilipasuka na watu wakaiona kwa macho matupu, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1604.

## Galaksi yetu, na ile aina iliyobaki

Ukanda hafifu unaopita kati ya Jabari na Mapacha na kushuka kusini upande wa kushoto wa Suheli ni Njia Nyeupe, galaksi yetu tukiitazama kutoka ndani. Januari jioni tunatazama ukingo wake wa nje, ndiyo maana umefifia. Kiini chake, kilicho umbali wa miaka ya nuru 26,000 hivi, hupita juu yetu jioni za Julai na Agosti. Nayo ni parafujo yenye ufito katikati.

Aina ya tatu ni duaradufu: mipira mikubwa ya nyota za kizee, gesi imekwisha, hakuna uzazi tena. Hiyo ni ngumu kwa darubini ya mkononi, nakuambia wazi. Walio tayari kukesha wanaweza kujaribu Centaurus A baada ya saa 8 usiku, kusini-mashariki, kwa darubini ya 10x50. Utaona doa dogo la duara. Ni duaradufu iliyomeza galaksi nyingine, ikabaki na mshipi wa vumbi kiunoni. Mshipi wenyewe unataka darubini kubwa.

## Hatua ya 6: Maisha ya nyota, kutoka uchanga mpaka uzee

Nyota huishi mamilioni au mabilioni ya miaka, hakuna atakayekaa mkekani aisubiri izeeke. Lakini mtu akipita mtaa wa Mkomani alasiri moja atamwona mtoto mchanga mlangoni, kijana kwenye kona na mzee barazani, na ataelewa maisha ya binadamu bila kungoja miaka 80. Ndivyo tutakavyofanya kuanzia saa 3 mpaka saa 5 usiku, Jabari akiwa karibu na utosi.

Kuzaliwa. Tafuta nyota tatu zilizopangana za mkanda wa Jabari. Upande wa kusini wa mkanda zinaning'inia nyota hafifu za upanga wake. Elekeza darubini katikati ya upanga. Utaona ukungu wenye vijinyota ndani: ni nebula, umbali wa miaka ya nuru 1,340 hivi. Ni gesi ya haidrojeni na vumbi vinavyojikusanya kwa uvutano wake vyenyewe. Fundo likibanwa hadi kiini chake kufika nyuzi joto milioni 10 hivi, haidrojeni huanza kuungana kuwa heli, na nyota imewaka.

Ujana. Fuata mstari wa mkanda kuelekea kaskazini-magharibi, pita nyota ya rangi ya chungwa, mpaka kwenye kishada kidogo. Ni Kilimia. Wazee wanasema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Kwa macho utahesabu sita au saba, kwa darubini makumi. Zote zilizaliwa pamoja kutoka wingu moja, miaka milioni 100 hivi iliyopita, na bado hazijatawanyika. Rangi yao ni nyeupe ya samawati kwa sababu ni moto mno.

Utu uzima. Jua letu liko hapa, lina miaka bilioni 4.6. Usiku huu mfano wake ni Shira, Sirius kwa wengine, nyota inayong'aa kuliko zote. Fuata mkanda upande wa pili, kusini-mashariki. Uzito wake ni mara mbili ya jua, umbali miaka ya nuru 8.6.

Hapa simama kidogo, maana ndipo penye siri ya yote. Kinachoamua umri wa nyota ni uzito wake, na nyota nzito ndiyo hufa mapema. Fikiria karabai na koroboi. Karabai inaangaza ngalawa nzima lakini inamaliza mafuta kabla ya alfajiri, koroboi linafifia pembeni mpaka kunakucha. Jua lina mafuta ya miaka kama bilioni 10. Nyota yenye uzito wa majua 15 inayamaliza kwa miaka milioni kumi na kitu.

Uzee. Ile ya rangi ya chungwa uliyoipita ni Dabarani, yaani Aldebaran, umbali wa miaka 65 ya nuru. Imemaliza haidrojeni kiinini, ikavimba mpaka upana wa majua zaidi ya 40. Hilo ni jitu jekundu, na jua letu litafika huko baada ya miaka bilioni 5 hivi.

Sasa ilinganishe na nyota nyekundu ya Jabari upande wa kaskazini wa mkanda, Ibuti la Jauza, inayoandikwa Betelgeuse. Hii ni jitu kuu. Ingewekwa mahali pa jua ingemeza njia ya Mirihi. Mwisho wa 2019 na mwanzo wa 2020 ilififia mpaka watu wakadhani inakufa. Ilikuwa imetema vumbi likaifunika. Itapasuka kweli siku moja, lakini siku hiyo inaweza kuwa baada ya miaka 100,000. Ili kuona rangi zao vizuri, legeza kidogo fokasi ya darubini. Nyota inakuwa kiduara na rangi inajitokeza.

Kifo. Kuna njia mbili. Nyota kama jua hupuliza ngozi yake ya nje taratibu na kubakiza kiini kidogo kigumu, kibete cheupe. Shira anaye mwenzake wa aina hiyo: uzito wa jua zima ndani ya mpira wa ukubwa wa dunia. Huu ndio wa kwanza kati ya vile viwili nilivyosema hutaviona, mwanga wa Shira unaufunika. Lakini ujue unautazama.

Nyota nzito hufa vingine. Kiini chake huunganisha elementi nzito na nzito zaidi mpaka kufika chuma. Chuma hakitoi nishati kikiunganishwa, basi hakuna kinachoshikilia uzito tena na kiini huporomoka kwa chini ya sekunde moja. Tabaka za nje hulipuka. Msumari wa jahazi unaouona ufuoni asubuhi, chuma chake kilipikwa na nyota na kutawanywa na milipuko ya nyota.

Mabaki ya mlipuko mmoja yako juu yako. Katika kundi la Ng'ombe, alimo Dabarani, kuna pembe mbili. Kwenye ncha ya pembe ya kusini ipo nyota moja ya wastani, Zeta. Ukitazama kaskazini, nenda chini kushoto yake kwa pungufu ya upana wa kidole gumba. Kwa 10x50, kukiwa na giza kamili, utaona doa hafifu sana. Ni Nebula ya Kaa, mabaki ya nyota ambayo Wachina waliiandika ilipolipuka mwaka 1054. Ndani yake kuna nyota ya nyutroni, yaani kiini kilichoporomoka kikabaki, inayozunguka mara 30 kwa sekunde. Hii ndiyo hatua ngumu kuliko zote, na wengi huifaulu usiku wa tatu au wa nne.

Cha pili usichoweza kuona ni shimo jeusi, mahali penye uvutano mkali hata mwanga hautoki, ambalo hubaki nyota ikiwa nzito kupita kiasi. Lakini pwani yetu ina sehemu katika habari yake. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza ya kuchunguza anga kwa eksirei. Iliitwa Uhuru, kwa kuwa ilirushwa siku ya uhuru wa Kenya. Vipimo vyake vya chanzo kiitwacho Cygnus X-1 vilisaidia kuwafanya wanasayansi waanze kukubali kwamba mashimo meusi yapo kweli. Watoto wetu wanapaswa kulijua hili kabla ya kufundishwa habari za mahali pengine.

## Hatua ya 7: Andika, kisha rudi

Kabla ya kukunja mkeka, chora kila ulichokiona, hata kama ni doa tu, na uandike saa. Mchoro ndio utakaokuambia usiku ujao kama uliona galaksi au uliona ulichotaka kuona.

Kama Andromeda imekataa, usilaumu macho yako. Jaribu Oktoba mwishoni au Novemba, wakati wa matlai: saa 3 usiku inakuwa juu zaidi kaskazini, na Wingu Dogo nalo liko juu kabisa kusini. Kama ukungu wa chumvi umeficha Mawingu yote mawili, ngoja siku ya pili baada ya mvua. Mvua huosha anga.

Usiku huo huo, kabla ya kulala, futa darubini kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo wa maji matamu, kianzio kikiwa mwili wake na lenzi mwisho, baada ya kupuliza mchanga wote. Punje moja ya mchanga chini ya kitambaa inachora lenzi milele. Iache ikauke wazi ndani ya nyumba, mbali na dirisha la baharini, ndipo uirudishe kwenye mfuko wake.